Barua Moja kwa Wasichana Wawili

Walisema sitamaliza hata kozi ya miezi mitatu. Jirani yetu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa bado tunasalimiana, alitangaza nje ya kanisa kwamba mtoto wa nyumba ile akifika Nairobi atarudi na suruali ileile aliyoondoka nayo. Nilipopata kazi Uarabuni wakasema nitarudi ndani ya sanduku. Basi njoo kwangu uone. Diploma yangu ya umeme iko ukutani sebuleni, kwenye fremu ya kioo. Nyumba ni ya mawe, na nyaya zote nimezivuta kwa mikono hii. Hakuna mwanasiasa aliyenishika mkono. Naringa, ndiyo, na aliyechoka na maringo yangu aniletee diploma yake tuzilinganishe.

Jumamosi iliyopita baba mmoja kijana anayejenga hapo chini alinijia na fomu mbili. Binti yake ana miaka kumi na miwili, anapiga mpira kuwashinda wavulana, na ligi mbili za wasichana zinamgombania. Kila ligi inasema ndiyo ya wachezaji teule. Kila moja inaahidi shule ya bweni, na kila moja inamkataza msichana wake kukanyaga uwanja wa nyingine. Alitaka ushauri wa mtu aliyesoma. Nikamwambia aweke fomu mezani, anywe chai kwanza, halafu anieleze ni nani anayeshika orodha ya majina na anaifungia wapi. Aliniangalia kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa kaburi. Kijana wa watu hakujua nimeona nini. Wewe nitakueleza.

Nilikulia upande wa Katelembo, Ukambani, kwenye shamba la matuta lililoshuka hadi mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Maji tuliyachimba kwa kibuyu, tukangoja yajikusanye, tukajaza mitungi. Katikati ya boma ilikuwa nyumba ya nyanya yetu, tuliyemwita Susu kama Wakamba wote wanavyomwita mama wa baba. Juu yake aliishi baba mkubwa na familia yake. Sisi tulikuwa chini. Nyumba tatu, lakini chungu cha jioni kilikuwa kimoja, cha Susu, na ndani yake muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yakachemshwa na mbaazi hadi harufu yake ikakufikia ukiwa bado mtoni.

Waliotwanga ni dada yangu na binamu yangu, binti wa baba mkubwa. Michi miwili, kinu kimoja. Mmoja akiinua, mwingine anashusha, na hawakugongana hata siku moja, hata wakiwa wanacheka. Walicheza mpira vilevile. Dada alikuwa akipeleka mpira pembeni bila kutazama, kwa kuwa alijua binamu atakuwa amefika.

Sasa sikiliza jambo hili, kwa maana ndilo lililotuponza. Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Ndugu wawili wa tumbo moja wakipata mabinti, mabinti wote wawili hubeba jina la Susu. Katekista wa kanisa letu naye aliwabatiza kwa jina la ubatizo la Susu, akiona ni heshima. Jina la tatu lilikuwa la babu, ambalo baba zetu wote wawili walilitumia. Na walizaliwa mwaka mmoja, miezi mitano kati yao. Kwa hiyo tulikuwa na wasichana wawili wenye majina yote matatu sawasawa, na hakuna aliyeona ajabu. Shuleni mwalimu aliwaita wa Juu na wa Chini, kufuata nyumba zao, mambo yakaisha.

Kisha ligi zikaja. Ya kwanza ililetwa na kocha mmoja mwenye suti ya michezo ya buluu, na ikamchagua wa Chini, yaani dada yangu. Haikupita miezi mitatu, watu wake wawili wakagombana naye wakaanzisha yao, ya manjano, upande wa Athi River. Hao wakamchagua wa Juu. Mechi zote zilichezwa Jumamosi saa nne, hizi huku na zile kule, makusudi, ili msichana asiweze kuchezea pande zote mbili. Wasichana walipewa njumu mpya bure. Susu alizigeuza zile njumu mkononi, akazinusa, akasema, "Mtu akikupa kiatu, angalia kama hajachukua mguu."

Hatukumsikiliza. Kila ligi ilikuwa na nafasi moja ya shule ya bweni kwa wasichana wa upande wetu, karo yote imelipwa, na nyumbani hakukuwa na mtu aliyejua karo ya sekondari ingetoka wapi. Baba akaanza kusema ligi ya manjano ni ya matapeli. Baba mkubwa akasema ya buluu inabadilisha umri wa watoto. Mama akaanza kuficha njumu za dada ndani ya ghala la mahindi, akishuku kwamba wa nyumba ya juu wangezichana. Yeye na mke wa baba mkubwa, waliokuwa wakienda mtoni pamoja wakiimba, sasa walipishana saa. Nami nilifundishwa kuangalia. Mama alikuwa akiniuliza kila jioni: wamepita na nani, wamebeba nini, wamesema nini. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikajiona askari.

Wasichana wenyewe waliendelea kutwanga. Ila walitwanga kimya.

Wiki moja kabla ya siku ya uteuzi wa nafasi za bweni, ligi zile mbili, ambazo hazikuwa zinasemezana, zilikabidhiana orodha za majina kwa jambo moja tu: kumnasa msichana aliyejiandikisha kotekote. Wakamnasa mmoja. Majina matatu sawa, mwaka mmoja, kijiji kimoja. Wakafuta jina kwenye orodha zote mbili.

Baba alisema nyumba ya juu ndiyo iliyotuchongea. Nyumba ya juu ikasema ni sisi. Ligi zote zikatoa sharti lilelile: aletwe msichana wa kweli na barua ya chifu. Susu akafunga leso yake, akawachukua wajukuu wote wawili, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, akashuka nao hadi ofisi ya chifu. Chifu hakuwepo. Karani alikuwa mgeni, hata mwezi hajamaliza. Aliwatazama wale wasichana, akasoma majina, akacheka.

"Cucu, yaani unataka niandikie mtu mmoja barua mbili? Mimi niko na kazi, bado naitaka."

Susu alimjibu kwamba yeye si cucu wa mtu, hilo ni neno la nyanya kwa lugha ya ng'ambo ya mto Athi, na kwamba hao ni watu wawili, awahesabu miguu. Karani aliandika barua moja, akapiga muhuri, akasema ya pili ingoje chifu arudi Jumatatu. Uteuzi ulikuwa Jumamosi.

Susu aliiweka barua ndani ya kiondo chake na kutoa amri mbele ya wanawe. Hakuna wa kuigusa. Jumamosi alfajiri ataenda yeye mwenyewe na wasichana wote wawili, kwanza uwanja wa buluu, kisha wa manjano, na makocha watawaona wakiwa wamesimama bega kwa bega. Macho yao yatakuwa ndiyo barua ya pili. Ulikuwa mpango mzuri. Nimesoma na nimetembea nchi za watu, na bado sijaona kasoro ndani yake.

Ijumaa jioni nilikuwa nalisha mbuzi karibu na ua wa mkonge. Nikamwona wa Juu barabarani akizungumza na kocha wa buluu, kocha wetu. Alikuwa akinyoosha kidole upande wa nyumba yetu, na kocha alikuwa akiandika. Nikainama nyuma ya mkonge. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwao; sikusikia neno hata moja. Lakini nilikuwa nimefundishwa kurudi na habari. Nikakimbia nyumbani, nikamwambia baba kwamba nimemsikia wa Juu akimwambia kocha, "Mimi ndiye. Yule mwingine mfuteni."

Baba hakuniuliza mara mbili. Kabla jogoo hajawika aliingia kwa Susu, akatoa barua kwenye kiondo, akampakia dada kwenye baiskeli. Susu alipoamka alikuta kiondo kimelegea, barua haimo. Alitembea na wa Juu hadi uwanja wa buluu, nami nyuma yao nimebeba chupa ya chai, na tulipofika barua ilikuwa imeshapokelewa na dada yuko uwanjani amevaa namba saba. Kocha alimjia Susu akiwa na daftari mkononi. Alimwonyesha ukurasa.

"Huyu msichana alinitafuta jana, akaniambia wako wawili, akaniomba nisimfute dada yake. Nimeandika hapa. Mimi naamini, mama. Lakini hiyo ligi ingine si yangu. Hatuongei na hao watu."

Wa Juu alisikia. Nami nilisikia. Dada alikuwa mbali, anafukuza mpira.

Upande wa manjano walitujibu bila kuinuka vitini. Mwenye jina hilo, walisema, amepatikana asubuhi hii kwa buluu, na barua ya chifu. Kwa hiyo huyu ni nani? Mmoja wao akamwuliza Susu kama haoni aibu, mama mzima, kuleta mtoto kwa jina la mwenzake. Susu alitazama zile njumu miguuni mwa mjukuu wake. Akampigia magoti, akamfungua kamba, akaziacha pale kwenye nyasi. Tulirudi nyumbani wa Juu akiwa miguu mitupu.

Dada alipata nafasi yake. Alikwenda shule ya bweni akiamini kwamba binamu yake alitaka kumpokonya. Hivyo ndivyo baba alivyomwambia, na baba alikuwa ameyapata kwangu. Hawakusemezana tena. Baba mkubwa alipanda ua kati yetu na yeye, na wakaanza kupika kwao. Susu aliendelea kuteleka chungu kilekile kikubwa, akikijaza robo.

Na zile ligi? Baada ya miaka miwili ziliungana. Makocha walipeana mikono mjini, wakala nyama choma, wakatengeneza jezi ya kijani. Wao walipatana. Sisi ua wetu ulikuwa umeshika mizizi.

Wa Juu alipomaliza darasa la nane alikaa nyumbani, halafu akaenda kushona nguo za kuuzwa ng'ambo kwenye viwanda vya EPZ, Athi River. Nilipotafuta pesa za kusomea diploma, watu wa kanisa walinigeuzia mgongo. Walionikopesha walikuwa watatu. Mwalimu aliyewaita wale wasichana wa Juu na wa Chini. Mfanyabiashara wa mbuzi mjini, Msomali aliyekuwa akinunua kwa baba, ambaye alisema tu nisimwaibishe. Na wa Juu, aliyenitumia kila mwezi kutoka mshahara wake bila kuniuliza lolote. Nilipokea. Nilijiambia hajui.

Niliporudi kutoka Uarabuni nilivaa shati jeupe nikaanza kuzunguka kulipa madeni. Mwalimu alilia kidogo. Msomali alinipa chai ya maziwa ya ngamia akawaita wanawe waje waone mtu anayerudisha. Nilijisikia mrefu. Saa tisa nilifika Athi River, chumba cha wa Juu, uzi wa rangi zote umeshikamana na sketi yake. Alihesabu pesa mara mbili, akaniambia nisikasirike, kiwandani ndivyo wanavyofundishwa.

"Zimetimia, Injinia," akasema.

Basi nikamwambia. Nikamwambia kwamba jioni ile sikusikia neno, kwamba yale maneno niliyatunga mimi.

"Najua," akasema. "Nilikuona nyuma ya mkonge, na wewe ndiye ulikuwa peke yako hapo."

"Na ukanikopesha?"

"Ulikuwa na miaka kumi na moja. Wale wazee wa mpira walikuwa na miaka ngapi?" Akazifunga pesa kwa mpira. "Lakini Susu alikuwa anangoja useme. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa ananiuliza kama umesema."

Susu alizikwa nikiwa ng'ambo. Lile boma sasa limekatwa vipande vya kuuzwa, na matuta mengine yamesawazishwa na tingatinga. Watu waliokula chungu kimoja pale wanaonana kwenye matanga tu. Nilikaa kwenye kitanda cha wa Juu na shati langu jeupe.

"Na dada yako utamwambia lini?" akauliza.

Nilitoa simu. Dada ni mwalimu sasa, kaunti nyingine, na alishika akidhani kuna msiba. Nilimweleza yote bila kujitetea, wa Juu akiwa amesimama kando ya cherehani yake. Nilipomaliza, dada akasema, polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali:

"Mpe simu."

Wa Juu alifuta mikono kwenye sketi kabla ya kuipokea. Nilitoka nje, nikafunga mlango nyuma yangu, nikangoja barabarani hadi jua likashuka na wafanyakazi wa zamu ya jioni wakaanza kunipita. Salio langu la simu liliisha saa kumi na mbili kasoro. Nilisikia wa Juu akifungua dirisha, akimwita mtoto wa jirani akimbie dukani amnunulie salio lingine.