Kaske Mbele ya Sanduku

Mujukuu wangu wa kwanza alikuwa anavaa kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki, ku mukono. Alikuwa motard, mubeba-bantu wa pikipiki, hapa Kamalondo, na kila asubui alipitisha mukono ndani yake kama mama mwenye kubeba kapu ya soko. Akiona bapolisi, anavaa, akibapita, anatoa. Nilipomusema alicheka: kichwa inapenda upepo, nkambo.

Taxi-bus ilimukatia njia muchana kweupe. Kichwa ikagonga ukingo wa mutaro. Baliniletea pikipiki imepinda, na kaske bila hata mukwaruzo.

Mudogo wake naye iko motard. Katikati ya kilio nilimuona anatoka kutafuta viti, kichwa wazi, mbio ileile. Nikajua vile viti tutavikodi tena.

Kwetu kilio haikosi banungwe, ndio watani wa ukoo. Bankambo betu na babo baliuana zamani, sisi tunatukanana tu. Munungwe anaweza kumucheka marehemu mbele ya mama yake, anaweza kuzuia sanduku isitoke, na ukikasirika, kosa ni yako. Siku ya kuzika akafika munungwe wetu, mwanamuke wa umri wangu. Jina yake na ya mama yake ninayajua; nayaacha. Alikaa kitako mu mulango, kaske ku mapaja, akawa anaipiga-piga kama muntu anachagua nyungu sokoni.

Alisema marehemu alikuwa mutoto wa akili: kitu ya kununua alikichunga, kitu ya bure akakipasua. Bantu bakacheka. Binti yangu, mama ya marehemu, akaanguka chini, akanishika muguu, akaniomba nimufukuze ule mwanamuke. Mimi ndiye nilikuwa mukubwa wa kilio, neno yangu ingetosha. Nilitoa muguu wangu mu mikono yake.

Mudogo akasimama amupige. Bajomba bakamushika. Mwanamuke hakutikisika.

"Kuja, mume wangu," alimwambia mudogo, ndivyo banungwe banaitana. "Sanduku haipite mpaka uvae. Wewe tutakuzika lini? Niambie, nifue kitambaa ya kilio."

Jua ikapanda. Babebaji babadilisha bega, babadilisha tena. Mwishoni mudogo akavaa. Kichwa yake ni kubwa kuliko ya mukubwa wake. Kaske ilimubana masikio mpaka machozi yakatoka, na banungwe benzake na ule mwanamuke bakapiga vigelegele. Alienda hivyo mpaka makaburini, bantu bote banaangalia.

Binti yangu hakanyagi tena kwangu. Mujukuu aliyebaki, kaske haimutoki barabarani, kamba imefungwa chini ya kidevu. Anaambia benzake ya kwamba akiitoa tu, anasikia ile sauti ya mulangoni.

Jumapili moja nilimusimamisha anipeleke misa, sababu miguu inaniuma. Hakugeuka. Alinitazama ndani ya kioo ya pikipiki.

"Kaske iko moja, nkambo."

Akawasha, akaenda. Nilitembea. Nilikuta padiri amekwisha mahubiri.