Kima Iliyokataa Kutoa Mafuta

Mtaani Mozang, Lahore, Shekh Dastgir alikuwa bingwa wa mapishi ambaye hajawahi kushika mwiko. Kwa miaka thelathini na miwili aliketi kitako, akaletewa karai la kima, nyama ya kusaga, akaliinamisha kwa kidole kimoja na kuchungulia ukingoni mithili ya daktari anayechungulia koo la mtoto. Akiona mafuta mekundu yamejitenga na nyama na kukusanyika pembeni, alisema, "Naam." Asipoyaona, karai lilirudi jikoni, na mkewe akarudi nalo. Hata harusini, wapishi walipomwona anaingia getini walimwagia masufuria samli nyingine kwa woga, kama watu wanaozima moto.

Mtaa mzima ulimwunga mkono. Pale kwao kima haihesabiwi kuwa imeiva mpaka mafuta yapande juu. Mgeni akiandaliwa kima kavu hujua moja kwa moja kwamba nyumba hiyo ina msiba au ina bahili.

Kisha moyo wa Shekh, ambao miaka yote hiyo haukuulizwa maoni yake, ukayatoa bila kuulizwa. Daktari, binti mwenye miwani ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alimsomea vipimo.

"Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwa karai zima, mzee. Nyama isiyo na mafuta, na mboga maradufu yake. Siku arobaini tunapima tena. Damu isipokuwa nzuri, tutakufungua kifua."

"Kijiko cha chai?" Shekh alishangaa. "Hicho ni cha kupikia au cha kulainishia bawaba za mlango?"

"Ni cha kukufanya uendelee kuuliza maswali, mzee."

Mkewe, Kaneez, akapika alivyoagizwa: kima, mumunye, karoti na njegere, vyote katika karai moja. Shekh akainamisha karai. Pembeni hapakuwa na kitu.

"Mbichi," akatoa hukumu. Akaondoka kwenda kwenye kibanda cha chakula kula chapati za paratha zilizoogelea samli, akarudi akipangusa masharubu. Jioni kumi na moja mfululizo, mbichi. Ya kumi na mbili ilikuwa Jumatano, na dada yake Kaneez, Tasneem, alikuwa amekuja kuwatembelea. Kaneez akauweka mwiko mapajani mwa mumewe.

"Baba Sumbul, leo pika wewe. Kijiko kimoja, kama alivyosema daktari. Ikiiva na ukaila, nitakuwa mwanafunzi wako mpaka nife. Ukishindwa, utakula ninachokupakulia, na mdomo huo utaufungua kwa kutafuna tu. Na kibandani huendi tena."

"Mimi nishindwe na kima?" Shekh alicheka. "Shemeji, wewe ni shahidi."

"Nipo, shemeji," alisema Tasneem, akijiegemeza vizuri kwenye mto. "Hili silikosi hata kwa dawa."

Tuseme haki: Shekh alianza vizuri. Vitunguu, tangawizi na kitunguu saumu viligeuka rangi ya dhahabu kwa kile kijiko kimoja. Nyanya zikawa rojo, bizari na pilipili zikafuata, kisha kima. Robo saa haijapita, harufu ilimtoa Tasneem kwenye mto wake mpaka mlangoni.

"Tayari hiyo, shemeji. Tia mboga tule."

Shekh akainamisha karai. Kukavu. "Bado. Mafuta hayajapanda."

"Yapande yatoke wapi? Umetia kijiko!"

"Kukaanga, mwanamke, ni subira."

Akanyunyiza maji, akakaanga. Yakakauka, akanyunyiza tena. Akatia mboga, na baada ya muda kitu kikameta ukingoni.

"Hayo! Si nilisema?"

"Hayo ni maji ya mumunye, shemeji. Na wewe umesoma kweli?"

Adhana ya magharibi ilimkuta anakoroga. Mumunye likayeyuka likapotea, karoti zikawa uji, njegere zikapasuka, na kima ikakakamaa mpaka ikawa inagonga chuma kama changarawe. Jasho lilimtiririka kidevuni, na hilo ndilo lilikuwa jambo lenye mafuta kuliko yote pale jikoni. Naye alichungulia na kuchungulia, akiamini kwa dhati kwamba kijiko kimoja, kikibembelezwa vya kutosha, kitazaa.

"Nendeni mkasali," hatimaye akasema, bila kuwatazama.

Wakaenda. Waliporudi, karai lilikuwa linang'aa kama ziwa wakati wa machweo, na Shekh amesimama kando yake kifua mbele. Mwizi mwingine yeyote angefunika. Huyu alilishika karai kwa vishikio viwili na kuliinamisha ili ushahidi uonekane vizuri.

"Tazameni! Vidole viwili vya mafuta! Imeiva!"

Tasneem akajifunika mdomo kwa ushungi. Kaneez aliyatazama yale mafuta.

"Kijiko kimoja, Baba Sumbul?"

"Kimoja," alisema Shekh. Kisha akaitazama tena ile bahari aliyoishika mkononi, na masikio yakamwiva.

Kaneez hakugomba. Alilimimina lote kwenye bakuli la paka, akaosha karai, akatoa nusu ya kima iliyobaki mbichi na mboga mpya. Dakika ishirini, kijiko kimoja, mumunye likiwa bado na umbo la mumunye. Akapakua sahani moja, akaweka kando yake chapati na majani ya kotmiri.

Shekh alikaa. Kidole chake kikaelekea kwenye sahani kuiinamisha, kikakutana na macho ya mkewe, kikajikunja. Akamega, akala. Akamega tena. Nyama ilikuwa laini, karoti tamu, tangawizi ikipita nyuma ya ulimi. Ilikuwa nzuri, laana iwe juu yake, nzuri kuliko za miaka mingi. Akainua uso, akafungua mdomo kusema hivyo.

"Tafuna," alisema Kaneez.

Akatafuna.