Siku Niliyoziba Koki ya Hita

Mwezi wa pili mwaka 2019 niliomba likizo ya wiki mbili kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, Houston, nikaendesha gari mpaka Lewisville kumkanda mdogo wangu. Alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, na mama yetu alikuwa amenyimwa viza. Kwa hiyo mama nilikuwa mimi. Nilifika na khanga sita, pilipili manga ya uji, mafuta ya nazi na sufuria kubwa ya kuchemshia maji. Sufuria haikuenea jikoni.

Jiko lenyewe lilikuwa la kuchekesha, la ukubwa wa sinia. Mdogo wangu na mumewe waliishi kwenye RV, hizi nyumba za magurudumu, imeegeshwa kwenye kiwanja pamoja na nyingine za aina yake. Mume ni dereva wa malori ya masafa marefu, na walikuwa wanajibana ili wapate nyumba ya kweli. Mimi hilo halikuniingia akilini. Umuoe binti wa watu halafu umlaze kwenye gari? Siku ya kwanza nilimpigia simu nikamwambia hivyohivyo, bila kupunguza. Akacheka, akasema, "Pole na safari, dada."

Kisha akasema, "Ila hiyo hita ya maji usiiamini. Imeliwa na kutu. Jumamosi narudi na mpya, naifunga mwenyewe. Mpaka hapo chemsheni kidogokidogo jikoni."

Kidogokidogo! Nani anamkanda mzazi kidogokidogo? Maji yanatakiwa mengi, ya kuunguza vidole. Unachovya taulo, unakamua, unabandika kiunoni, linapoa, unachovya tena, mpaka mwili wote ulegee. Mzazi asipokandwa mgongo unamsumbua mpaka uzeeni. Ndivyo nilivyolelewa, na wauguzi wenzangu wa Houston wakinicheka kwa hilo nawaacha wacheke. Na ndani ya siku arobaini mzazi hatoki nje, asije akaingiwa na baridi. Mlangoni nililala mimi mwenyewe, kwenye kochi, kama mgambo.

Siku tatu nilihangaika na visufuria viwili vidogo. Cha kwanza kikichemka, cha pili kimepoa. Mama anapiga simu kutoka Tanga kila asubuhi, anauliza kama nimemkanda vizuri, na mimi namjibu ndiyo huku roho inanisuta. Siku ya nne, Alhamisi, nikasema basi, yaishe. Nikatoka nje kwenda kuiangalia hiyo hita.

Ilikuwa nyuma ya kimlango cha bati ubavuni mwa RV, na kwa ndani tangi lake limekaa chini ya kitanda alicholala mdogo wangu. Nikafungua. Kutu! Tangi limechubuka, limevimba magamba, na michirizi ya rangi ya chai imeshuka mpaka chini. Kulikuwa na uvujaji wa namna mbili. Chini, kwenye maungio, maji yalikuwa yanatoka kama jasho. Juu kulikuwa na koki ndogo ya shaba yenye kishikio, na yenyewe ilikuwa inadondosha tone baada ya tone.

Sasa mjue, baba yangu alikuwa fundi bomba. Nimekua nikimshikia spana. Nimemwona akiziba mabomba ya mtaa mzima kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na sabuni ya kipande, na yale mabomba yalikaa miaka. Nishindwe na kikoki cha shaba? Nikaenda dukani kununua tyubu. Muuzaji akaniuliza baiskeli yangu ni saizi gani, nikamwambia sina baiskeli, akaniangalia tu.

Nikasugua sabuni kwenye maungio ya chini mpaka jasho likakoma. Kwenye koki nikachonga kijiti kutoka kwenye mpini wa mwiko, nikakigongomea kwenye tundu lake kwa nyundo, halafu nikavuta mpira nikaufunga mizunguko kwa mizunguko, kama alivyokuwa akifunga baba. Kukawa kukavu kabisa. Nikawasha gesi, nikawasha na umeme wake, vyote viwili, ili maji yawahi. Nikapiga picha nikamtumia shemeji. Nikamwandikia, "Kazi ya wiki nzima nimeimaliza kwa nusu saa. Endesha lori lako kwa raha."

Nilifurahi sana, sitaficha. Maji yalitoka bombani ya moto hasa. Nikajaza beseni, nikamlaza mdogo wangu kifudifudi kitandani, mtoto kalala pembeni juu ya khanga, nikaanza kazi. Taulo la kwanza alipiga kelele. La pili akaguna. La tatu akasema, "Dada, Mungu akubariki," na mimi nikamwambia amshukuru baba yetu.

Simu ikaita. Mikono yangu imejaa mafuta, nikaiacha. Ikaita tena. Ikaita tena. Chini ya kitanda nilikuwa nasikia kitu kinalia tik, tik, nikajua ni bati linapata moto.

"Pokea, dada," mdogo wangu akasema. "Ni yeye."

Nikabonyeza kwa kiwiko, nikaweka spika. Nilikuwa nasubiri sifa.

"Mtoe mke wangu humo!" Alikuwa anapiga kelele. Kijana huyu hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. "Mtoe na mtoto, sasa hivi!"

"Shemeji, heshima!" nikamwambia. "Mzazi yuko uchi hapa, amelowa, nje upepo. Hatoki mtu."

"Dada, hiyo koki haijaharibika! Ndiyo inayotoa presha! Umeiziba, na tangi limeoza, na wamelala juu yake! Toa watu kwanza, utanitukana baadaye!"

Nisimulie ukweli wote. Nilisimama. Nilikuwa nimeshamuelewa, maana kazi ya baba naijua, ila nilisimama pale na taulo mkononi nikitafuta jibu la kumrudishia, kwa sababu nilikuwa nimetuma ile picha. Sijui ni muda gani. Ulikuwa mfupi, lakini mpaka leo sijausahau.

Mdogo wangu ndiye aliyeinuka. Alishika kiuno, akasema, "Dada, mtoto," nami ndipo nikazinduka. Nikamnyakua mtoto, nikamtupia mama yake khanga na blanketi, tukashuka ngazi. Upepo ulikuwa wa kukata. Yeye anatetemeka, miguu mitupu kwenye kokoto, anajishikilia ubavuni mwa gari langu. Nikawaingiza, nikafunga mlango, nikarudi mbio kwenye RV. Shemeji alikuwa ameniambia nitoe watu, hakuniambia nirudi. Lakini ile gesi niliiwasha mimi.

Mtungi ulikuwa mbele, nikaufunga. Swichi ya umeme ilikuwa kwenye nguzo, hatua chache kutoka kile kimlango cha hita. Nikanyoosha mkono nikaizima, na hapo hapo tangi likapasuka. Paa! Kimlango kikang'oka kikaenda zake, mvuke ukatoka, maji ya moto yakamwagika ardhini mpaka miguuni kwangu. Nikapiga yowe, nikakimbia bila kujua naelekea wapi.

Mvuke ulipopungua nilirudi nikachungulia ndani. Ubao chini ya kitanda ulikuwa umepasuka na kuinuka, godoro limesimama upande, linafuka. Khanga aliyolalia mtoto ilikuwa imelowa chapachapa. Niliigusa, nikautoa mkono haraka.

Baadaye fundi aliyekuja kuliondoa alisema tangi lilipasukia kwenye maungio yaliyooza, ndiyo maana halikuruka lote. Lingekuwa zima, RV yenyewe isingebaki. Sikutaka kusikia zaidi.

Nilirudi kwenye gari. Mdogo wangu alikuwa ananyonyesha, machozi yanamtiririka, simu yangu, aliyotoka nayo, kaiweka mapajani. Shemeji alikuwa bado yupo hewani, amesimamisha lori kando ya barabara, hajui kilichotokea zaidi ya ule mlio.

"Dada?" akaita. "Mtoto unaye?"

"Yupo. Ananyonya."

"Na mwenzangu?"

"Mzima. Hakuguswa."

Nikasikia akivuta pumzi. Nikajiweka tayari. Maneno yote ambayo angenitolea yalikuwa haki yangu, na nilishampangia kichwani mwangu, moja baada ya jingine: picha, mwiko, majivuno, siku nne za kumsema.

"Na wewe, dada?" akauliza. "Hujaungua?"

Ndipo nikaiangalia miguu yangu. Ilikuwa imeiva, ngozi ya juu imeanza kuvimba kwenye kamba za ndala, na sikuwa nimesikia maumivu yoyote.

"Sijaungua," nikamwambia. Kisha nikaanza kulia, mimi dada mkubwa, kwa sauti, mbele ya mzazi niliyekuja kumkanda, nikashindwa kunyamaza.