Salamu za Kidirishani

Juzi nilitoka eda ya mume wangu, na mtu wa kwanza kusema nami nilipotia mguu nje alikuwa muuza mkate wa hapa mtaani kwetu Amu. "Bi, mbona umeadimika? Nikupe ule ule wa siku zote?" Basi, hayo tu. Machozi yakanitoka mbele za watu, na maskini yule bwana akadhani amenikosea.

Miezi minne na siku kumi nilikuwa ndani. Nyumba tuliyopakana nayo siku hizi hukodishwa wageni. Hubadilika kila wiki na masanduku yao. Salamu zilikuja kwa simu, nyingi za kunakiliwa, zenye picha za maua. Sikujua kwamba mtu aweza kuona njaa ya kuulizwa habari ya mguu wake. Na wewe, rafiki yangu, nikufiche nini? Nilistahili. Nilipokuwa na miaka tisa nilimnyima mtu salamu hiyo hiyo.

Ilikuwa kisiwani Pate. Babu alikuwa amefariki, bibi yuko edani, nami nimepelekwa nikae naye, nimchotee maji na kumfagilia. Ukuta wa uani ulikuwa na kidirisha kilichotazama uani kwa jirani, mjane mwenziwe, rafiki yake tangu usichana. Kila baada ya sala ya alfajiri, kabla mbuzi za nazi hazijaanza kukwaruza mtaani, jirani hugonga ubao wa kidirisha. Mguu? Wauma. Kifua? Alhamdulillahi. Kuku wametaga? Wakimaliza huanza upya, kama watu walioachana mwaka mzima. Mimi nimesimama na tumbo tupu, uji unapoa, maana kwa bibi mtoto hali kabla ya mkubwa.

Asubuhi moja bibi alikuwa bado anatawadha ubao ulipogongwa. Nikaufungua mwenyewe.

"Bibi asema amechoka na maneno," nikamwambia jirani. "Asema umwate apumzike."

"Haya, mwanangu," akasema, akaurudisha ubao taratibu.

Siku ile niliunywa uji ukiwa moto, na ulikuwa mtamu.

Kesho yake bibi alikaa kidirishani akingoja. Siku ya pili akasema labda mwenziwe amekwenda shamba. Siku ya tatu tukamsikia jirani ng'ambo ya ukuta akifukuza kuku, na bibi akaondoka pale. Utaniuliza mbona hakugonga yeye. Wale walikuwa watu wa heshima zao: mmoja hakutaka kujilazimisha kwa watu na msiba wake, mwingine ameambiwa aondoke, arudi vipi? Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami niliungoja mshindo huo kila kulipokucha.

Uji ukaanza kubaki. Bibi ataonja vijiko viwili, kisha anausogeza kwangu, nami siwezi kuumeza. Nguo zake nyeupe za eda zikaanza kumpwaya mabegani. Mama mdogo alipoleta samaki nilimsikia akinong'ona mlangoni kwamba mjane akiacha kula humfuata mumewe. Tangu hapo, bibi akisinzia mchana, nilimsogelea nisikilize kama anapumua. Nilitaka kusema, Mungu ni shahidi. Lakini mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi, astaghfirullah, nilikiogopa kichapo kuliko nilivyomhofia bibi.

Zilipita asubuhi kumi na moja. Ya kumi na mbili bibi hakuinuka kabisa kwenda kidirishani. Alibaki juu ya msala, ameelekea ukuta. Hapo nikayatoa yote, kwa kwikwi.

Hakunipiga. "Mimi nalidhani amenichoka," akasema. "Haya, nenda kamwambie kwa kanwa lako hilo hilo."

Nilimkuta jirani anapepeta mchele. Nilipomaliza kusema aliweka ungo chini, akapita moja kwa moja hadi uani kwake, nami nyuma yake. Akagonga ubao.

"Bi, mguu?"

Sauti ya bibi ikaja, nyembamba: "Wauma kuliko yana."

Siku ile walizungumza mpaka adhuhuri, na uji ukaganda.

Jirani alifariki kabla eda ya bibi haijaisha. Homa ya siku tatu tu. Bibi hakutoka kwenda msibani. Kisomo alikisikiliza akiwa amekaa pale pale kidirishani. Leo ukifika Pate hutaiona nyumba hata moja kati ya zile mbili. Ukuta umeanguka, mipapai imeota, na wanaopita hapo hawajui ni nani waliokuwa wakijuliana hali.

Kosa langu bibi hakunikumbusha hata mara moja maishani mwake. Ila alasiri ya maziko nilimpelekea maji, nikamkuta anahesabu kwa vidole. Nilidhani ni tasbihi, nikamuuliza.

"Nahesabu asubuhi," akasema.

Alivimaliza vidole vyote kumi, akarudi kwenye kile cha kwanza, akakikunja. Hapo akakoma.