Siku mwenzangu wa darasa alitueleza kazi ya foni (Bunia, wakati wa vita)

Wakuu, heshima zenu.

Mimi ni mutoto wa Bunia, Kiswahili changu mukipokee hivyo hivyo. Haya yalinifikia mimi mwenyewe, sikuongeza chumvi.

Wakati wa vita nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari. Darasa nusu tupu. Wengine walikimbia, wengine mpaka leo hatujui walienda wapi.

Basi Prof akasema kila mutu achague kazi anayotaka, aende kukaa na mwenye anaifanya, halafu arudi kutueleza mbele ya darasa.

Tulicheka. Kazi gani, na risasi hizi? Prof akakasirika kabisa: "Vita itaisha! Ikiisha, munataka kuwa nani?"

Mimi nilichagua ushonaji. Justin, tulikuwa tunakaa benchi moya, akachagua foni.

Kwa wenye mulizaliwa simu ziko mukononi: foni ilikuwa redio ya kuongea na miji ya mbali. Unapanga mustari, wanakuitia mutu wako, na wote wenye wako pale wanasikia mambo ya nyumba yenu. Haya tupu, lakini tungefanya nini?

Mimi foni niliijua sana. Papa alikuwa ameenda Ariwara kununua sabuni ya kuuzisha, njia ikafungwa nyuma yake. Mama alikuwa na mutoto muchanga, kwa hiyo mimi njo nilikuwa naenda kusikiliza sauti ya Papa. Mara ya mwisho alikuwa mugonjwa, anakohoa tu.

Siku moja kabla ya zamu ya Justin nilienda tena. Muzee wa foni alivaa kaske masikioni, akaongea polepole na Ariwara, akaniangalia.

"Mwanangu, leo foni haisikilike muzuri. Rudi kesho na mukubwa wa nyumba."

Nilirudi nafurahi, jamani! Nilifikiri Papa amepata gari, anataka kupanga safari na wakubwa.

Kesho yake Justin akasimama. Alijitayarisha vizuri kijana yule: batri, antena, namna ya kuita. Prof akauliza: "Na habari ya kifo munaipitisha aje, kama wote wanasikia?"

Justin akajibu mbio, furaha ya mutu mwenye anajua jibu: "Muzee anavaa kaske, watu wasisikie. Kama aliyefika ni mutoto, hamwambii. Anasema foni haisikilike, arudi kesho na mukubwa wa nyumba."

Yesu wangu.

Sikulia. Justin masikini hakujua kitu, akarudi kukaa kando yangu, ananiuliza: "Nimeeleza muzuri?" Nikamwambia ndiyo.

Prof akaita jina langu. Nikaenda mbele, nikaeleza ushonaji wote, kupima kiuno, kukata, kupiga pindo. Sijui mudomo ulikuwa wa nani. Wakanipigia makofi.

Njiani kurudi Nyakasanza, mutaa wetu, nikakata shauri: Mama simwambii leo. Alale tena usiku moya akijua ana bwana.

Nilimukuta mulangoni, mutoto mapajani. Nikasema kabla hajauliza: "Mama, nimepita kwa foni. Haisikilike mpaka wiki ijayo."

Mama akasimama, akamupandisha mutoto mugongoni.

"Sawa, mwanangu. Kuja ukule kwanza."

Kwetu mutu hapewi habari ya kilio akiwa na njaa tumboni. Nyuma yake, ndani ya nyumba, nilimuona muzee wa foni amekaa na baba mudogo, ndugu ya Papa, kofia mukononi. Alikuja mwenyewe, nikiwa masomoni.

Nikakaa. Nikakula bugali na sombe ya majani ya muhogo, sahani yote, Mama ananiangalia. Walingoja nimalize, njo wakaniambia Papa amefariki.

Somo nililopata, wakuu? Nilidhani ni mimi namuchunga Mama, kumbe Mama njo alikuwa ananichunga mimi. Vita ilitufundisha kudanganyana kwa mapendo, na ni kitu kinauma sana.

Kama na weye ulishakula sahani ya namna ile, andika hapa chini. Nitasoma ya kila mutu.