Kweli Kinzani za Mwalimu Rukiah

Mwalimu Rukiah hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa Mnubi wa Kyebando, Kampala, mjane, msukaji wa kawa za rangi za kufunikia chakula. Lakini mwaka ule Kiswahili kilipotangazwa lugha ya taifa Uganda, ghafla kila mtu akamtaka, kwa kuwa yeye alikijua tangu utotoni! Makarani, askari, sisi wachuuzi wa soko la Kalerwe, wote tulimiminika barazani kwake kila Jumamosi asubuhi, kujifunza lugha ya askari, ambayo zamani tukiisikia njiani tulikuwa tunatimua mbio.

Somo alilolipenda kupita yote ni kweli kinzani. Akilifundisha, macho yanamwaka na chaki inavunjika.

"Si uongo, si kitendawili," alituambia. "Ni maneno yanayogombana, ukiyatazama vizuri unakuta yote ni kweli. Yanamsimamisha mtu afikiri. Sasa kila mmoja anipe moja ya kazi yake. Anayekaa humu lazima atoe!"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, na hakumsamehe mtu. Mimi, Adong, nikasema, "Adong anauza chakula kutwa, analala na njaa." Wakacheka, lakini ndivyo nilivyoishi! Ongom, askari jela wa Luzira, akasema, "Mimi nashika funguo yote, lakini mimi pia nafungiwa ndani." Mwalimu akampigia makofi.

Kisha akaandika ya kwake ubaoni: Mji ukinyamaza sana, unasikika mbali.

Nyuma kabisa mtu akasimama. Alikuwa Sajini Obwona, mwanafunzi mpya, miwani myeusi hata kivulini. Gari lake lisilo na namba lilikuwa nje. Tulijua waliopakiwa katika magari kama lile hawarudi.

"Mwalimu," akasema, "mji gani hiyo imenyamaza?"

Nikajua Mwalimu amenaswa. Akisema ni Kampala, amekwisha. Akisema ameandika upuuzi, Obwona atauliza kwa nini anawafundisha watu wa serikali upuuzi. Ongom alimkonyeza afute. Mwalimu hakufuta. Alimnyooshea Obwona chaki.

"Nitakujibu, afande. Lakini hujatoa ya kwako."

Masikini, nikajisemea, huyu mama ana wazimu! Lakini Obwona alikuwa askari, na amri ya darasa ilimshika pale pale. Alifikiri. Akavua miwani. Kumbe alikuwa kijana tu, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Watu yote wananiogopa mimi," akasema polepole. "Na mimi naogopa watu yote."

Sasa barazani palikuwa na watu wawili waliosema ya hatari, na yeye alikuwa mmoja wao. Niliona alivyotambua, na nakiri, nilifurahi kupita kiasi!

Obwona akaenda ubaoni, akachukua kitambaa, akayafuta maneno ya Mwalimu mpaka pembeni. Akavaa miwani yake, akatugeukia.

"Leo hapa hakuna mtu amesikia kitu!" akafoka. "Mmesikia?"

Sote tukaitikia kwa sauti moja, "Tumesikia, afande!"

Mwalimu Rukiah akamnyooshea tena chaki. "Hiyo ndiyo nzuri kupita zote," akasema. "Iandike."