Saini ya Domitila

Ukifika Bariadi mjini ukauliza ofisi ya wosia, utaelekezwa bila kusita: chumba kimoja chenye kibaraza, kati ya duka la mbegu na fundi baiskeli. Kibao kinasema "Januarius Kwandu, Wakili", lakini wengi husema tu "kwa Domitila", na wakili mwenyewe hajawahi kununa. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, yeye akisema, Domitila akipiga chapa. Tangu macho ya mzee yalipoanza kuingia ukungu, hakuna karatasi iliyotoka mlangoni pale kabla Domitila hajaisoma.

Kazi yenyewe si ya kuchangamkia. Mtu akitamka tu kwamba anataka kuandika wosia, ndugu zake humtazama kana kwamba anajiitia kifo. Domitila alijua kuwatuliza. Mteja mzee akija na watoto watatu wanaonyoosha shingo kuchungulia, aliwatoa wote nje kwa upole, akawaambia wakanywe chai. "Anayeachiwa mali hawi shahidi," alikuwa akisema. "Akisaini, amejitoa mwenyewe." Somo hilo aliwapa wafugaji, wauza dagaa, walimu wastaafu, na hata padri mmoja aliyedhani anajua kila kitu. Na kwa kuwa sheria hutaka mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na wateja wengi walikuja na yule wa ukoo wakamsahau wa nje, Domitila ndiye aliyejaza pengo. Alishuhudia wosia za watu hadi mkono ukazoea kwenda wenyewe. Mazoea yana taabu, na yeye hakuwa na sababu ya kulikumbuka hilo.

Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na Milembe, mdogo wa mama yake, aliyemchukua akiwa na miaka minne siku waliyotoka kumzika mama. Alimwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama, na hakuwahi kumwita vingine. Milembe aliuza mchele sokoni miaka thelathini, na kwa mchele huo akajenga nyumba ya vyumba vinne. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Alipopooza upande wa kushoto, Domitila alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani miaka sita, kabla ya kazi na baada ya kazi. Ndugu wengine walikuwa kijijini Shishiyu, chini ya Mwandu, kaka yake Milembe, mtu wa ng'ombe na pamba. Mwandu alikuja kumwona dada yake mara moja kwa mwaka, na si kila mwaka.

Milembe alitaka nyumba iwe ya Domitila, na alitaka iandikwe. Wakili akaenda nyumbani na karatasi. Shahidi wa nje alikuwa Salimu, mwenye duka jirani. Shahidi wa ukoo alikuwa awe Mwandu, lakini mvua ilikata barabara na simu yake haikupatikana. Walimngoja hadi saa tisa mchana. Milembe akaanza kuchoka, ulimi ukawa mzito, wakaogopa kuahirisha. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa zilizolala, Salimu akasaini, wakili akaisogeza karatasi karibu na pua yake, kisha akasema kama alivyosema kila siku ya kazi, "Haya Domitila, malizia hapo."

Naye akamalizia, akarudi jikoni kuepua uji. Wakili mzima na karani wake, chumba kimoja, mchana kweupe, na hakuna aliyeshtuka. Waliosema kinyozi hajinyoi hawakukosea.

Milembe alifariki Februari iliyofuata, akazikwa Shishiyu. Matanga yalipokwisha, Domitila alirudi ofisini kuandaa karatasi za kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo. Alifungua faili akaanza kukagua kwa kidole, kama alivyokagua za wengine. Mwenye wosia, yupo. Shahidi wa kwanza, yupo. Alipofika kwa shahidi wa pili, kidole kilisimama juu ya jina lake mwenyewe.

Alimsomea wakili. Mzee alivua miwani.

"Kosa ni langu," alisema.

"Ni letu, mzee."

"Mwandu haijui sheria hii. Mahakamani wana mafaili mpaka dirishani. Peleka hivyo hivyo, Domitila. Mimi sijaona kitu, na kweli sioni."

Alitamani kutii. Lakini kabatini zilikuwemo wosia zaidi ya mia nne zenye jina lake. Alimkumbuka Muzdalifa, mjane aliyebaki na duka la marehemu mumewe kwa sababu mashemeji waliiamini karatasi ya ofisi ile. Ikijulikana kwamba Domitila huficha kasoro penye faida yake, ni shemeji gani hatarudi kudai karatasi zote zikaguliwe upya? Hilo alimwambia wakili. Hakumwambia kwamba alikuwa na hasira na mkono wake mwenyewe, na kwamba siku ile alimlilia Milembe kuliko siku ya kumzika.

Mwandu alikuja ofisini Jumatano. Walisalimiana, mwangaluka, mwangaluka, akaketi, kofia magotini. Domitila alimsomea wosia hadi mwisho: nyumba yangu namwachia mwanangu Domitila.

"Ni haki," alisema Mwandu. "Umemtunza. Vijana nyumbani walinung'unika, lakini nitawaambia marehemu amesema, yameisha. Wabeja, asante sana, mpwa wangu."

Angeweza kuishia pale. Mwandu mwenyewe alikwisha kushika kofia yake. Domitila akamwambia yote: saini, sheria, na kwamba wosia ule haumpi kitu.

Mwandu aliigeuzageuza kofia. "Kwa hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ya ukoo, mjomba. Ukoo ukitaka kunipa, unaweza."

"Ukoo una vijana saba wasio na pa kukaa." Hakusema kwa ukali. "Marehemu akisema, hakuna wa kubisha. Lakini nikisema mimi, wataniuliza kwa nini nimegawa cha wote. Hukuweza kuninyamazia, Domitila? Ningekuwa nimeshaondoka."

"Sikuweza."

Mwandu alitikisa kichwa polepole, na macho yake yalikuwa mekundu. Kisha akauliza maombi ya usimamizi wa mirathi huandikwa wapi. Wakili alisema huandikwa hapa hapa, akavuta karatasi, akaishika juu chini. Domitila aliichukua mkononi mwake taratibu, akaketi kwenye mashine.

"Jina lako kamili, mjomba?"

Aliandika jina, kijiji, uhusiano wake na marehemu. Aliandika nyumba moja, vyumba vinne, paa la bati. Mwandu alijibu kila swali upesi, hadi wakafika kwenye mstari unaotaka majina ya watoto wa marehemu. Hapo alimtazama mpwa wake, kisha akaitazama kofia yake. Wakili aligeukia dirishani. Domitila alingoja kidogo, kisha akaandika mwenyewe: Hakuna.